Maswali na majibu: hotuba za usanifu na ubunifu zinazomfaa msanifu wa tovuti

Wasomaji wengi wameniandikia kuuliza ni hotuba zipi za usanifu na ubunifu zinazostahili muda na bando la mtu anayetengeneza tovuti. Nimezifupisha barua zao na kuzijibu moja baada ya nyingine. Katika majibu yote ninatumia kipimo kimoja: hotuba ninayoipendekeza ni ile ambayo msemaji anaifungua kazi yake mbele ya hadhira, akaeleza aliamua nini, kwa nini aliamua hivyo, na alibanwa na nini.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana ninayejifunza usanifu wa tovuti hapa Dodoma kwa simu na kompyuta ya kuazima. Bando langu ni dogo. Nikitaka kuanza na hotuba moja tu, nianze na ipi?

Marahaba, kijana wangu. Anza na hotuba ya Margaret Gould Stewart aliyoitoa katika TED, jukwaa la hotuba fupi, mwaka 2014, wakati akiongoza usanifu wa bidhaa katika Facebook baada ya kufanya kazi YouTube. Anasimulia jinsi kitufe cha kupenda, kile chenye alama ya kidole gumba, kilivyosanifiwa upya. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa 280 zilizotawanyika katika miezi kadhaa, kwa sababu kitufe kilipaswa kukubali maneno ya lugha nyingi, kisizidi kimo na upana uliowekwa, na kionekane vizuri hata katika vivinjari vya zamani. Kwa hesabu aliyoitoa siku ile, kitufe hicho kilikuwa kikionekana mara bilioni 22 kwa siku katika tovuti zaidi ya milioni 7.5. Ukisikia hivyo utaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuhangaika na kitu kidogo kuliko ukucha, wala asiwe anapoteza muda.

Usiruke sehemu anayozungumzia nyota za YouTube. Watazamaji walikuwa wakipewa nafasi ya kuipima video kwa nyota 1 hadi 5, lakini takwimu zilionyesha kwamba karibu wote walichagua 5 au 1, na zile za katikati hazikuguswa. Ndipo wakabadilisha, wakaweka kidole gumba cha juu na cha chini. Msanifu anayejifunza anapata hapo somo zima kuhusu kutazama watu wanavyotumia kitu kabla ya kukirekebisha. Vilevile anaeleza kwamba timu yake hujaribu kazi zao katika lugha zisizo Kiingereza na katika simu za bei nafuu. Wewe unayejifunza kwa simu ya kawaida tayari umekaa pale wanapolazimika kwenda kwa makusudi, kwa hiyo usiione simu yako kuwa upungufu.

Kuhusu bando, TED huambatanisha maandishi ya hotuba zake, nayo hula data kidogo sana. Soma maandishi kwanza, kisha itazame video siku utakapopata wifi. Hotuba za jukwaa hilo kwa kawaida hazizidi dakika 18, na baadhi yake zimewekewa manukuu ya Kiswahili na wafasiri wa kujitolea.

Mwalimu, mimi ni mchoraji wa Mombasa niliyehamia kwenye tovuti. Kila hotuba ninayoelekezwa ni ya mtu wa California au London. Je, hakuna anayezungumza usanifu kutoka kwetu?

Wapo, dada yangu, na ninafurahi kwamba umeuliza, kwa maana swali hili limekaa nami kwa muda mrefu. Mtafute kwanza Saki Mafundikwa, msanifu wa Zimbabwe aliyefanya kazi New York, kisha akarudi Harare na kuanzisha chuo cha usanifu kinachoitwa ZIVA. Mwaka 2013 alipanda jukwaa la TED na kuonyesha maandishi na alama za Afrika: nsibidi ya kusini-mashariki mwa Nigeria, adinkra za Waakan wa Ghana, na hati ya Wabamum iliyobuniwa enzi za mfalme Njoya huko Kamerun. Anawasihi wasanifu wa bara hili watazame ndani kabla ya kutazama nje. Yeye mwenyewe amefundisha vijana kwa msingi huo, na ndiyo sababu maneno yake yana uzito.

Hotuba ya pili ilitolewa karibu nasi zaidi. Mwezi Juni 2007, TED ilifanya mkutano wake wa TEDGlobal mjini Arusha, na miongoni mwa waliozungumza alikuwa Ron Eglash, mwanahisabati wa Marekani aliyezunguka Afrika akichunguza maumbo yanayojirudia ndani yake yenyewe, kubwa likibeba dogo lenye sura ileile. Alionyesha mpangilio wa kijiji cha Waila wa kusini mwa Zambia na kasri la Logone-Birni nchini Kamerun. Hata hivyo, mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa ua wa mabua unaojengwa Saheli kuzuia upepo. Safu za chini ni ndefu na zimeachana, na kadiri unavyopanda juu safu zinakuwa fupi na za kubana. Eglash alimuuliza mjenzi sababu yake. Akajibiwa kwamba safu za kubana ndizo zinazozuia vumbi na upepo hasa, lakini zinataka mabua mengi na kazi nyingi, na kwa kuwa upepo huwa mkali zaidi juu kuliko karibu na ardhi, nguvu yao wanaipeleka kule unakohitajika ulinzi.

Tafadhali sikiliza kipande hicho zaidi ya mara moja. Fundi yule hakuwa na mali ya kupoteza, naye aliipima kila tita la mabua. Msanifu wa tovuti ya duka la Likoni au Kisauni ana kizuizi cha namna hiyohiyo, kwani wateja wake wanafungua ukurasa kwa simu na kwa bando la kununua kila siku, na kila picha nzito anayoiweka inalipiwa na mtu mwingine. Aipeleke basi nguvu yake mahali ambapo mteja anakwama: bei, namba ya simu, kitufe cha kuagiza. Mapambo ya chini ya ukurasa, ambayo wachache hufika kuyaona, yanaweza kuwa mepesi.

Nikuongezee jambo ambalo halimo katika hotuba hizo. Kwa kuwa uko Mombasa, nenda kwenye maduka ya khanga ukasimame mbele ya zile zenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ambazo zimeuzwa mjini humo kwa vizazi. Tazama pindo linavyozunguka pande zote nne, mji unavyobeba picha, na jina lilivyowekwa chini ya mji, herufi kubwa kwenye nafasi iliyotulia ili lisomeke hata nguo ikiwa imevaliwa. Mtu aliyepanga vile alijua nini kisomwe, wapi, na kwa umbali gani. Ichore khanga moja kwa penseli, bila rangi, upate mifupa ya mpangilio wake. Hilo litakufundisha mengi kuhusu nafasi na mpaka, na halihitaji intaneti.

Nafanya kazi ya kujitegemea Nairobi. Wateja wanachukua tovuti, kisha wanapotea bila kulipa. Hotuba za kutia moyo zitanisaidia nini?

Za kutia moyo peke yake hazitakusaidia, ndugu yangu, ila kuna moja iliyokusudiwa kwa hali yako. Mwaka 2011 Mike Monteiro, msanifu wa San Francisco, alizungumza katika CreativeMornings, mikutano ya wabunifu ya mji huo, juu ya kulipwa. Kichwa cha hotuba yake kina tusi nisiloweza kuliandika hapa, na lugha yake si ya kusikiliza ukiwa na wazazi sebuleni, lakini aliyoyasema ni ya mtu mwenye huruma kwa wenzake. Alikuja jukwaani na mwanasheria wake. Wakaeleza kwamba kazi isianze bila mkataba, kwamba haki ya kumiliki kazi ihamie kwa mteja pale tu anapomaliza kulipa, na kwamba mkataba useme ni kiasi gani kitalipwa iwapo mteja ataivunja kazi katikati. Sheria anazozitaja ni za Marekani, kwa hiyo mpelekee wakili wa Kenya mambo hayo akuandikie mkataba mmoja utakaoutumia kwa kila mteja. Omba pia malipo ya awali, na tovuti ibaki kwenye seva yako ya majaribio mpaka salio liingie.

Mawazo yananiishia kabisa katikati ya kazi. Kuna hotuba ya kuniamsha?

Mwigizaji wa Uingereza John Cleese alitoa hotuba juu ya ubunifu mwaka 1991, na mpaka leo sijasikia inayoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi. Anataja mambo matano: nafasi, muda, muda tena, kujiamini na ucheshi. Muda wa kwanza ni ule wa kujitenga na usumbufu, kama saa moja na nusu hivi, na muda wa pili ni ule wa kuvumilia. Hapo anategemea utafiti wa Donald MacKinnon wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye aliona kwamba wataalamu wabunifu zaidi ni wale waliokubali kucheza na tatizo kwa muda mrefu kabla ya kulifunga, ingawa kukaa na jambo lisilojibiwa kunaumiza. Nadhani mawazo hayajakuishia. Huenda unalishika la kwanza upesi ili utulie, kisha likigoma katikati ya kazi unajiona mtupu.

Utaambiwa pia umsikilize msanifu Stefan Sagmeister, ambaye mwaka 2009 alieleza jinsi alivyokuwa akiifunga studio yake ya New York kwa mwaka mzima kila baada ya miaka saba. Ni hotuba nzuri, ila mwenye kodi ya nyumba achukue wazo lake kwa kiasi, pengine alasiri moja ya wiki.

Je, hotuba maarufu ya mtaalamu wa elimu Ken Robinson kuhusu shule na ubunifu inamfaa msanifu wa tovuti?

Hotuba hiyo ya mwaka 2006 inamfaa mzazi na mwalimu kwanza. Isikilize kwa ajili ya watoto wako.

Nimetazama hotuba nyingi mno, na kazi yangu haijabadilika. Tatizo ni nini?

Tatizo, ninavyoliona, ni kwamba hotuba moja inaifuta nyingine kabla hujaigusa kazi. Chagua moja na ukae nayo. Kwa hali yako ningechagua ile ya Bret Victor, mbunifu wa programu za kompyuta, aliyoitoa Kanada mwaka 2012 mbele ya wanafunzi wa uhandisi wa programu hizo. Anaonyesha mti unaochorwa kwa msimbo, na kila anapobadilisha namba moja, mti unabadilika papo hapo mbele ya macho, kwa kuwa anaamini kwamba mtengenezaji anastahili kukiona anachokitengeneza bila kusubiri. Kisha anaifuata imani hiyo katika kifaa kimoja baada ya kingine.

Baada ya kuitazama, fungua ukurasa wowote uliowahi kuutengeneza kwenye kivinjari cha kompyuta, weka simu yako pembeni ikionyesha ukurasa uleule, na ubadilishe ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari na upana wa aya, kidogo kidogo, huku ukitazama skrini zote mbili. Andika katika daftari kila badiliko ulilolibakiza na sababu yake. Usifungue hotuba nyingine mpaka ukurasa huo umefika kwa mtu atakayeutumia, naye ameutumia mbele yako huku wewe umenyamaza.