Mama anafanyiwa upasuaji wa moyo: lazima aongezewe damu?

Dada wa Sengerema, pole kwa mama. Umeuliza kwa nini ndugu mmeambiwa mchangie damu, na kama kwenye kubadilisha valvu (mlango wa moyo unaopitisha damu upande mmoja) ni lazima aongezewe.

Si lazima. Moyo ukisimamishwa wakati wa upasuaji, damu hupitia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mirija yake hujazwa kwanza maji ya dripu, kwa hiyo damu ya mgonjwa huwa nyepesi. Tena hupewa dawa ya kuzuia isigande. Ndiyo maana mmeambiwa mchangie: akivuja sana, damu iwe tayari. Utafiti mkubwa wa 2017 ulionyesha kwamba kusubiri hadi wekundu wa damu (himoglobini, kwa gramu katika desilita) ushuke chini ya 7.5 ni salama sawa na kuongeza ukishuka chini ya 9.5. Daktari akisema tusubiri, usidhani amemtelekeza.

Ninachokusihi ni wiki hizi za kabla. Apimwe wekundu wa damu mapema, tena apimwe kichocho, minyoo na malaria. Huku ziwani vinamaliza damu kimyakimya. Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache mwenyewe!

Nilimuuguza kaka yangu. Siku ya pili niliporuhusiwa kuingia, nilikuta mrija wa kifuani ukidondosha kwenye chupa kando ya kitanda, tone moja moja. Damu aliyopewa ilitoka kwa watu nisiowajua. Nendeni mkachangie, mwenye kilo 50 na kuendelea, na mle kwanza.