Maswali ya Wasomaji: Deki Ipi ya CD Inafaa kwa Muziki wa Nyumbani?

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikikusanya CD za taarabu na muziki wa dansi, ambazo sasa zimepita mia tatu. Nina amplifaya ya zamani ambayo bado ni nzima, na spika mbili za mbao nilizonunua nilipokuwa kazini, lakini muziki wenyewe nimekuwa nikiupigia kwenye deki ya DVD ya kawaida, ambayo siku hizi inarukaruka, na CD nyingine haizisomi kabisa. Wanangu wamenichangia fedha ninunue deki nzuri. Muuzaji mmoja ananisihi nichukue iliyoandikwa biti 24 na kilohezi 192, akisema kwamba itatoa sauti ambazo sijapata kuzisikia kwenye CD zangu. Je, ni kweli? Na mtu anayetaka deki bora aangalie nini hasa? *Msomaji, Tanga.*

Jibu. Shikamoo Mwalimu. Nianze na hizo namba, kwa sababu ndizo zinazowapotezea fedha wasomaji wetu wengi. Tangu CD ilipoingia sokoni nchini Japani mwezi Oktoba 1982, kipimo chake hakijabadilika: kila sekunde ya muziki huhifadhiwa kwa vipimo 44,100 kwa upande wa kushoto na vingine kama hivyo kwa upande wa kulia, na kila kipimo kina biti 16. Vipimo hivyo vinatosha kubeba sauti nyembamba hadi kufikia kilohezi 20, ambao ndio mwisho wa masikio ya kijana mwenye afya, na sisi tuliokula chumvi nyingi hatufiki huko. Deki inapotangaza biti 24 na kilohezi 192, yaani vipimo 192,000 kwa sekunde, inaeleza uwezo wa kigeuzi chake, yaani kile kidude cha ndani kinachozigeuza tarakimu kuwa umeme wa sauti, ambacho madukani huitwa DAC. Kigeuzi chenye uwezo mkubwa si kibaya, na deki nyingi za kisasa zinacho, lakini kama mlio wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, haukuingia kwenye santuri siku ya kurekodi, hakuna kigeuzi kitakachouleta. Usilipe nyongeza kwa ajili ya namba hizo peke yake.

Fedha yako ielekeze kwenye usomaji. Ndani ya CD kuna njia moja tu, nyembamba mno, inayojizungusha kuanzia katikati kwenda ukingoni, na kwenye santuri iliyojaa urefu wake unazidi kilomita 5. Leza huifuata njia hiyo kwa chini bila kuigusa, na mota huizungusha santuri takriban mara 500 kwa dakika inapoanza, kisha hupunguza mwendo hadi karibu mara 200 inapofika ukingoni, ili njia ipite mbele ya leza kwa kasi ileile wakati wote. Muda wote huo lenzi hupanda na kushuka kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona, ikifuata santuri ambayo mara nyingi haikunyooka sawasawa. Deki iliyoundwa vizuri huifanya kazi hii kwa utulivu kwa miaka mingi, na ile iliyoundwa kwa kubana gharama huifanya vizuri dukani tu.

Waliobuni CD walijua kwamba itakwaruzwa, hivyo tarakimu za kila kipande cha muziki zimetawanywa kwenye sehemu mbalimbali za njia, pamoja na nyingine za ziada za kufanyia marekebisho. Mkwaruzo mdogo ukifuta baadhi yake, deki huzikokotoa upya kikamilifu na wewe husikii lolote. Mkwaruzo ukiwa mkubwa zaidi, deki hukisia kilichokosekana kwa kutazama kilichotangulia na kilichofuata. Ukizidi hapo ndipo unaposikia kuruka au kimya. Kazi ya kurekebisha makosa haitofautiani sana baina ya deki na deki, ila uwezo wa leza kubaki kwenye njia hata inapopita juu ya jeraha hutofautiana sana, na jambo hilo huwezi kulisoma kwenye boksi.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiende dukani mikono mitupu. Chukua CD tatu: moja ambayo deki yako ya DVD inakataa kuisoma, moja ya kuchomwa, na moja ndefu inayozidi dakika 70. Ile ndefu ipeleke moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, kwa sababu wimbo wa mwisho uko ukingoni, mahali ambapo kupinda kwa santuri huonekana zaidi na leza iliyochoka huanza kushindwa. Sikiliza katikati ya nyimbo mbili, pale muziki unaponyamaza, huku sikio lako likiwa karibu na mashine: ukisikia mota inakoroma au lenzi inatikatika, kumbuka kwamba utaisikia hivyohivyo usiku sebuleni. Fungua na ufunge trei mara kadhaa. Trei inayotoka ikitikisika kama droo ya kabati bovu huonyesha mahali ambapo mtengenezaji alibana matumizi.

Nasisitiza jaribio la CD ya kuchomwa kwa sababu lilinigusa mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwenye duka moja la mjini deki ya bei kubwa, nzito, yenye uso wa alumini, nikaisikiliza pale kwa santuri ya muuzaji na nikaridhika. Nilipofika nyumbani nikaweka CD ya harusi ya dada yangu, ambayo fundi wa studio aliichoma mwaka 2003. Mashine ilizunguka, ikasita, ikazunguka tena, kisha kiooni yakatokea maandishi kwamba hakuna santuri. Deki ya bei poa ya jirani iliisoma CD hiyohiyo bila shida. Duka lilikataa kuirudisha mashine, kwa maelezo kwamba haina kasoro.

Ukitaka kulinganisha deki mbili, hakikisha zinatoa sauti kwa ukubwa uleule. Deki nyingi hutoa sauti kwa takriban volti 2, lakini nyingine huzidisha kidogo, na sikio la binadamu huipenda inayopiga juu zaidi hata kama tofauti ni ndogo kiasi cha kutotambulika. Muombe muuzaji arekebishe amplifaya mpaka zilingane, kisha usikilize kitu unachokijua kwa moyo. Kwa taarabu ya zamani mimi husikiliza fidla kadhaa zinapopiga pamoja, kuona kama naweza kuzitenganisha, halafu husikiliza kanuni, jinsi kila mlio unavyozimika kabla ya unaofuata. Naamini kwa dhati kwamba baina ya deki mbili zilizoundwa vizuri utasikia tofauti ndogo, na pengine usiisikie kabisa. Spika zako na mahali ulipoziweka chumbani vina nguvu kubwa zaidi kwenye sauti kuliko deki yoyote, kwa hiyo usitumie fedha yote ya wanao kwenye deki wakati spika zimesukumwa kwenye kona nyuma ya kochi.

Kuhusu mashine zenyewe, kwa mtu mwenye amplifaya ya zamani na CD za kawaida ningeanza kutazama Yamaha CD-S303 au Marantz CD6007, ambazo zote zina kigeuzi ndani, zinasoma CD za kuchomwa, na zinaunganishwa na amplifaya kwa waya ule wa kawaida wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Waya huo uchomeke kwenye tundu lililoandikwa CD au AUX. Usiuchomeke kwenye PHONO, kwani tundu hilo limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya gramafoni, ambayo hutoa takriban milivolti 5 tu, na sauti ya deki ikipitia humo itapasuka na kuvurugika.

Ziko pia deki za kusoma tu, zisizo na kigeuzi ndani, ambazo wauzaji huziita transipoti. Audiolab 6000CDT na Cambridge Audio CXC ni za aina hiyo. Ni mashine nzuri, lakini zinahitaji kigeuzi cha pembeni au amplifaya ya kisasa yenye kigeuzi ndani yake, na kwa amplifaya yako ya zamani ungelazimika kununua vitu viwili badala ya kimoja. Usikubali kuuziwa bila kuelezwa hilo.

Swali. Assalaam aleykum. Kaka yangu ananiletea deki ya CD ya mtumba kutoka Japani, ni mashine kubwa ya miaka ya tisini na anaisifu sana. Nyuma imeandikwa volti 100. Je, naweza kuichomeka kwenye umeme wetu? *Msomaji, Mombasa.*

Jibu. Waaleykum salaam. Usiichomeke moja kwa moja hata kwa kujaribu. Umeme wa Kenya ni volti 240, na mashine ya volti 100 ikipata kiasi hicho transfoma yake ya ndani inaweza kuungua mara moja. Nunua transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti 100 kamili. Zile zinazotoa 110 au 120 zimekusudiwa vifaa vya Marekani, na ukiitumia moja ya hizo deki yako itapata joto kupita kiasi. Deki ya CD hula umeme kidogo, hivyo transfoma ya wati 100 kwa kawaida hutosha, lakini soma kwanza wati zilizoandikwa kwenye kibati cha nyuma. Tofauti ya hezi isikutie hofu: Japani yenyewe mashariki yake hutumia hezi 50 na magharibi hezi 60, na kwa sababu hiyo vifaa vyao vingi vimeandikwa 50/60.

Kabla kaka yako hajalipa, mwambie aulize mambo mawili: kama leza imewahi kubadilishwa, na kama trei inafunguka bila kusaidiwa kwa mkono. Mkanda wa mpira unaosukuma trei hukauka na kulegea kwa umri, na huo fundi redio yeyote makini anaweza kuubadilisha. Leza ni tatizo la namna nyingine, kwani kwa mashine nyingi za miaka hiyo leza halisi haitengenezwi tena, na zinazouzwa kama mpya si zote zinazodumu. Kama ni mashine ya CD pekee, hakuna vizuizi vya kanda za dunia kama vilivyopo kwenye DVD, kwa hiyo itasoma CD kutoka popote.

Swali. Hapa nina CD za kawaida pamoja na SACD, yaani Super Audio CD, zile zilizotengenezwa kwa sauti bora zaidi, kama kumi na tano. Nimeambiwa nitafute deki ya Oppo iliyotumika kwa kuwa inasoma kila kitu. Mnaonaje? *Msomaji, Muscat.*

Jibu. Oppo walitengeneza deki bora zilizosoma CD, SACD na Blu-ray kwa pamoja, lakini waliacha kuzitengeneza mwaka 2018, na wanaoziuza leo hutaka bei ambayo kwa maoni yangu haistahili mashine isiyo na vipuri vya uhakika. Kwanza zitazame SACD zako. Nyingi zina matabaka mawili, moja la SACD na jingine la CD, na hizo zinapigwa kwenye deki yoyote ya CD. Ikiwa unataka hasa tabaka la SACD, muundo uliotolewa na Sony na Philips mwaka 1999, basi utahitaji mashine kama Denon DCD-1700NE au Marantz SACD 30n.

Liko jambo moja linalowakwaza wengi. Kwenye deki za kawaida muziki wa SACD hauruhusiwi kutoka kwa tarakimu kupitia tundu la koaksia wala la mwanga, kwa hiyo ukinunua kigeuzi cha pembeni cha bei kubwa kitabaki kimya kwenye santuri hizo. Utautoa kwa nyaya za kawaida za sauti, ukitumia kigeuzi cha deki yenyewe, au kwa HDMI. Sony UBP-X800M2 inasoma SACD kwa gharama ya chini zaidi, lakini haina kabisa matundu mekundu na meupe, hivyo inamfaa mwenye amplifaya ya HDMI pekee. Kwa santuri kumi na tano ambazo pengine zote zina tabaka la CD, mimi ningenunua deki nzuri ya CD na kutulia.

Swali. CD zangu nyingi ni za kuchomwa, za maonyesho ya vikundi vya taarabu vya hapa Unguja, na baadhi zimeanza kukwama. Je, deki mpya itazisoma? *Msomaji, Zanzibar.*

Jibu. Baadhi itazisoma, kwa kuwa leza mpya yenye nguvu kamili huona kilichowashinda wazee. Lakini CD ya kuchomwa huhifadhi muziki kwenye tabaka la rangi iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga, hata kama santuri haijaguswa. Maonyesho hayo huenda hayapo mahali pengine popote, kwa hiyo usingoje deki. Wiki hii tafuta kompyuta yenye tundu la CD, uzinakili zote kwa FLAC, aina ya faili ya muziki ambayo haipunguzi chochote, na uweke nakala kwenye diski mbili tofauti. Zilizobandikwa karatasi usiibandue, maana inaweza kung'oka pamoja na tabaka lenyewe. Zenye vumbi na chumvichumvi za bahari zioshe kwa maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni, zikaushe kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo wowote utakaoutia utakuwa umelala juu ya njia ileile ambayo leza inaifuata.