Kufuli, Vidole Viwili na Mlango wa 2008

Dada mmoja wa Kakamega ameniandikia juzi usiku: ameona video ya tiba iitwayo EMDR, mtu akipitisha vidole mbele ya uso, je, akivifuata kwa macho ataacha kuosha mikono hadi ichubuke? Nimelia kidogo, maana najua usiku wa aina hiyo.

Mimi yangu ilikuwa kufuli. Nafunga mlango wa nyumba mtaani Free Area, Nakuru, nafika stejini, narudi. Nalishika, nalivuta, nahesabu hadi kumi na nne. Hesabu ikipotea, naanza upya. Matatu zajaa na kuondoka nikiziangalia. Wifi yangu akasema nina mapepo, nikaombewa mbele ya kanisa zima. Hilo bado linaniuma.

Mshauri nasaha niliyempata Nakuru mjini aliuliza swali moja tu: ni lini mlango ulikuponyoka? Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaambiwa nifunge, komeo likakataa kuingia. Waliingia.

Akanitibu kwa EMDR, yaani kutuliza kumbukumbu chungu kwa kusogeza macho. Ilianzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani, aliyepata wazo hilo mwaka 1987 akitembea bustanini. Unashika ile picha akilini huku macho yakifuata vidole kushoto na kulia. Mshauri anasimamisha vidole na kuuliza: "Sasa unaona nini?" Maumivu unayapima kuanzia 0 hadi 10. Siku ya kwanza nilisema 9. Wiki kadhaa baadaye nikasema 2, na komeo lile lilikuwa limebaki chuma tu.

Lakini dada zangu, nisikilizeni vizuri. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hii mwaka 2013 kwa walioumizwa na majanga. Kwa ugonjwa wa kurudiarudia (OCD), kama kuosha mikono kwako na kufuli kwangu, linalotangulia ni kukabili hofu bila kutimiza ile desturi, na dawa daktari akiona inafaa. Kufuata vidole kwa macho kuliniondolea maumivu ya 2008. Kufuli nililiacha kwa kufunga mara moja na kuondoka huku jasho linanitoka. Usidanganywe kwamba kimoja kinatosha. Usione haya kutafuta msaada. Na maombi ni mema, ila hayazuii kliniki.

Kuhusu video, dada: hapana, usifukue kumbukumbu hizo peke yako chumbani. Mtaalamu mwulize kama amesomea tiba hii yenyewe, na atakufundishaje kutulia kwanza. Akianza kupitisha vidole siku ya kwanza kabla hajakusikiliza, chukua mkoba wako uondoke.