Maji Haya Yametoka Wapi? Kwa Wanaoanza Kazi ya Mandhari za Bustani za Burudani

Wiki yangu ya kwanza katika kazi hii, nilipewa ukuta wa lipu mpya, wenye urefu wa mita sita, katika bustani ya burudani iliyokuwa ikijengwa huko Ghuba, nikaagizwa niuzeeshe hadi uonekane umekaa miaka mia mbili. Nilijitahidi sana: nilichora nyufa, nikapauza rangi, kisha nikashusha michirizi ya maji kutoka juu hadi chini, kila mmoja ukiwa umbali sawa na mwenzake. Msimamizi wetu aliutazama ukuta kwa muda, akagusa mchirizi mmoja kwa kidole, akaniuliza, "Maji haya yametoka wapi?" Niliinua macho. Pale juu hapakuwa na mlizamu, wala ukingo wa paa, wala dirisha. Siku iliyofuata niliupaka ukuta wote upya.

Lililoniuma ni kwamba nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, na ukuta mkongwe naujua tangu utotoni. Ukuta wa mawe ya matumbawe huanza kubanduka lipu chini, kiasi cha kimo cha goti, kwa sababu unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini. Weusi wa maji hukaa chini ya mlizamu na si kwingineko. Na ukingo wa baraza hulainika na kung'aa kwa sababu ya watu walioketi hapo jioni baada ya jioni. Elimu hiyo nilikuwa nayo, lakini sikuitumia, kwa kuwa niliamini kwamba mji tuliokuwa tukiujenga ni wa njozi na kwamba katika njozi lolote linakubalika. Wengi wenu mnaingia kazini na imani hiyohiyo. Naiona kila mnapoomba kupangiwa sehemu za mazimwi na makasri, mkikwepa mitaa inayoiga miji ya kweli, mkidhani kwamba huko ndiko kwenye masharti.

Mimi nimefikia kuamini kinyume chake. Anayeingia katika mtaa unaoiga mahali halisi huja na ushahidi wake mwenyewe: amewahi kuona soko, stesheni ya treni, nyumba ya bibi yake, na kumbukumbu hizo huziba mapengo ambayo fundi ameyaacha. Anayeingia katika ulimwengu ambao haujawahi kuwapo haji na chochote, kwa hiyo ushahidi wote hana budi kuutoa fundi, ukutani, sakafuni, hata kwenye kichwa cha msumari.

Bustani ninayowashauri muichunguze kuliko zote ni Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida, Marekani, tarehe 22 Aprili 1998, kwa kuwa Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wake, ndiye pia aliyeongoza ubunifu wa Pandora, sehemu iliyoongezwa humo mwaka 2017 kwa kufuata ulimwengu wa filamu ya Avatar. Njia zote mbili, ya njozi na ya kuiga mahali halisi, zimo ndani ya uzio mmoja. Huko Pandora milima huonekana ikielea angani, ingawa kwa kweli imebebwa na chuma kilichofichwa katika umbo la mimea itambaayo. Mimea ya kutengenezwa imechanganywa na mimea hai, na mitambo iliyoachwa na binadamu imechorewa kutu na kumezwa na majani. Angalieni hasa kutu hiyo. Mgeni hajawahi kuona mlima unaoelea, lakini kutu anaijua, na akishaiamini kutu, anauamini na mlima ulio nyuma yake.

Upande wa pili kuna Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, ambao wabunifu wake waliutafutia sura kwa kuitazama Lamu. Kuta zake zimebanduka kwa sababu zinazoeleweka, maandishi ya Kiswahili yamechakaa juu yake, na barabara ya safari ni zege lililotiwa rangi ya udongo na kukandamizwa alama za magurudumu. Ni kazi ya kuheshimiwa, na nasema hivyo kwa dhati. Hata hivyo, nyuma ya mji huo wa pwani moja kwa moja kuna mbuga ya twiga na tembo. Mapaa yake ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu, ilhali pwani yetu huezeka kwa makuti. Jiwe lake la uhuru limeandikwa 1961, mwaka wa Tanganyika, ingawa Lamu iko Kenya, iliyojitawala mwaka 1963. Yaani ngozi ni ya uhalisia na mifupa ni ya njozi. Isitoshe, jina lenyewe limepungukiwa na herufi moja. Mgeni wa Ohio hapati shida yoyote, lakini msomaji wa Kiswahili ameshaiona kabla hajafika langoni. Ule ushahidi uliomsaidia fundi unaweza pia kumgeuka.

Msidhani basi kwamba uhalisia ni kunakili kila kipimo. Katika Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1955, ghorofa za juu za Main Street, mtaa wa kuingilia, zimejengwa kwa vipimo vidogo kuliko za chini ili majengo yaonekane marefu, na hakuna anayelalamika. Jicho husamehe vipimo. Yasiyosameheka ni yale yanayohusu maisha ya watu. Kampuni hiyohiyo ilitangaza mwaka 1993 bustani ya historia ya Marekani huko Virginia, ambayo ingegusia vita vya wenyewe kwa wenyewe na utumwa, na mwaka 1994 ikauacha mpango huo baada ya kupingwa vikali na wengi, wakiwamo wanahistoria mashuhuri.

Kwa hiyo, mkipewa mtaa wa watu walio hai, mtafuteni mtu wa huko wakati mchoro ungali karatasini. Miaka kadhaa baada ya ukuta ule, nililetewa mchoro wa nyumba ya Lamu, mlango wake una nakshi safi kabisa, lakini nje hapakuwa na baraza. Nilimuuliza mbunifu, dada mwangalifu ambaye hakuwahi kufika pwani yetu, mgeni wa nyumba ile angeketi wapi. Alifikiri, akachora baraza mbili, moja kila upande wa mlango. Bustani ilipofunguliwa, wazazi waliochoka na joto walizijaza kila jioni wakisubiri watoto wao, na kabla ya mwaka kwisha ukingo wa zile baraza ulikuwa umeng'aa wenyewe, bila brashi yangu kuugusa.