Mtoto aliyezaliwa bila kinga

SWALI: Mwanangu ana miezi 2. Kaka yake alifariki kwa nimonia, na sasa daktari anasema huyu naye kazaliwa bila kinga ya mwili, apandikizwe uboho wa dada yake. Je, atapasuliwa? Na mbona kazuiwa chanjo? – Mama, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Hapasuliwi. Uboho hufyonzwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga wa dada akiwa amepewa dawa ya usingizi. Mtoto huupata kwa dripu, kama anayeongezewa damu, na seli shina, yaani seli mama zinazozalisha damu na kinga, hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa yake. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kabisa.

Chanjo za BCG (ya kifua kikuu), polio ya matone na rota (ya kuhara) zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na kwake hakuna wa kuvizuia. Kama alichomwa BCG alipozaliwa, mwambie daktari leo hii. Kagua mkono: kidonda kinachopanuka au tezi ya kwapani iliyovimba ni hatari. Damu yoyote atakayoongezewa lazima iwe imepigwa mionzi.

Msisubiri. Watoto wanaopandikizwa kabla ya miezi 3 na nusu, bila maambukizi, hupona zaidi ya 9 kati ya 10.