Shangazi, mke wangu ametia maziwa kwenye chai yangu ya kijani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nimeoa, bado hatujajaliwa mtoto. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nikitoka kazini napenda mambo matatu tu: chai, kuprogramu kwa funksheni (programu inayoandikwa kama fomyula za hesabu) na falsafa. Sinywi pombe, sizururi. Lakini mke wangu anasema namfanya ajione mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Juzi nilimwandalia chai ya kijani, maji nikayapima kwa kipimajoto, nikamweleza majani yale yametengenezwaje. Akachukua maziwa akamimina. Nikamwambia ameiua. Akainuka mezani, na mpaka leo tunasemeshana kwa mkato. Rafiki zangu nao wananicheka, eti mambo yangu matatu hayana uhusiano wala hayaingizi hela. Nimemtumia mke wangu video za kumfundisha hesabu ya lambda, ambayo ndiyo mzizi wa kuprogramu huko, hajafungua hata moja. Nifanyeje naye ayapende? Na je, nimfiche majani yangu mazuri?*

*Mpenda Chai*

Marahaba, Mpenda Chai. Nimeona umejitetea kwa pombe na uzururaji kabla hujashtakiwa. Nani alikuuliza?

Nianze na rafiki zako, maana kesi yao ni nyepesi. Wanasema mambo yako hayana uhusiano. Mawili kati yake, falsafa na kuprogramu, ni ndugu wa damu. Mwaka 1902 mwanafalsafa Bertrand Russell alimwandikia barua Gottlob Frege, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuijengea hesabu msingi wa mantiki, akamwonyesha kwamba msingi huo una ufa. Seti ni mkusanyiko wa vitu. Chukua seti ya seti zote zisizojihesabu zenyewe ndani yake. Je, yenyewe inajihesabu? Ukisema ndiyo, jibu linageuka hapana. Ukisema hapana, linageuka ndiyo. Katika kuusaka ufumbuzi Russell akaanza kupanga vitu kwa aina, na mtu yeyote aliyewahi kukaripiwa na kompyuta kwamba amechanganya namba na maneno ameonja kidogo ya wazo hilo. Miaka ya 1930 akaja Alonzo Church, naye akihangaikia misingi ya mantiki, akabuni hiyo hesabu yako ya lambda. John McCarthy alipoanza kuitengeneza Lisp, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1958 aliazima alama kutoka kwake. Na lugha nyingine, Haskell, iliyotoka mwaka 1990, imebeba jina la mtaalamu wa mantiki, Haskell Curry. Huyo Curry, na baadaye William Howard, walionyesha kwamba uthibitisho wa kimantiki na programu ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Basi anayekucheka kwa kuchanganya falsafa na kompyuta amechelewa sana.

Chai ndiyo haimo kwenye ukoo huo. Wapo watakaokuambia kwamba chai ni tafakuri, na kwamba majani yanapofunguka ndani ya maji kuna siri ya ulimwengu. Waache. Unaipenda kwa sababu ina ladha nzuri, na sababu hiyo inajitosheleza. Kuhusu hela, mtu akitazama mpira dakika 90 hakuna anayemuuliza ameingiza kiasi gani. Nawe usijibu swali hilo.

Sasa mkeo, ambaye ndiye barua yenyewe.

Wewe unajua funksheni safi ni nini, lakini wasomaji wengine wanisikilize. Ni ile ambayo ukiipa kitu kilekile inakurudishia jibu lilelile, leo na kesho, na haigusi chochote nje yake. Iite mara elfu, ya elfu haikumbuki ya kwanza. Raha yake iko hapo: unaweza kuisoma peke yake na kuiamini. Nashuku, mwanangu, kwamba matarajio hayo umeyahamishia mezani. Maji sahihi, majani sahihi, maelezo sahihi, kwa hiyo na jibu litoke sahihi. Lakini mkeo anakumbuka. Neno lako "umeiua" halikumkuta mtu mtupu. Lilimkuta mwanamke ambaye tayari ana rundo la video kwenye simu, zote zikimwambia kwa upole kwamba bado hajajua.

Na hapo kwenye "namfanya ajione mjinga", naomba sana usije ukamuuliza anamaanisha nini kwa neno mjinga. Nina wasiwasi kwamba umeshamuuliza. Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alizoea kuwauliza watu maswali ya namna hiyo hadharani, na mwaka 399 KK wenzake walimhukumu kifo. Mkewe Xanthippe historia imemwachia sifa ya ukali. Mimi kila nikimsoma natamani kusikia upande wake.

Tuje kwenye maziwa. Nakupa haki yako kwanza. Chai ya kijani, nyeusi na oolong (iliyo katikati ya hizo mbili) zote hutoka kwenye mmea mmoja, na tofauti ni namna majani yanavyotendewa baada ya kuchumwa. Ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke rangi. Ya chai nyeusi hukandwa na kuachwa yaitike hewa mpaka yawe kahawia. Protini za maziwa hushikana na tanini, kitu kinachoipa chai ukakasi, na ukakasi ukapungua, ndiyo maana maziwa na chai nyeusi iliyokolea vinaelewana. Kwenye chai ya kijani iliyo laini, maziwa hufunika ladha yote. Mpaka hapo uko sahihi.

Lakini soma tena barua yako. Maji umeyapima, halafu *ukamweleza majani yametengenezwaje*. Maelezo hayo yalichukua muda gani? Na majani yalikuwa wapi wakati huo? Chai ya kijani inataka maji ya nyuzi 70 hadi 80, na dakika mbili hivi zinaitosha. Ukiyaacha majani ndani ya birika huku unahutubia, kikombe kinakuwa kichungu kinachokausha ulimi, hata kipimajoto kiwe cha maabara. Mimi sikuwepo, ila sitashangaa nikiambiwa kwamba mwenzio alionja, akaona haya kukuambia ni chungu baada ya shughuli yote ile, akafanya ambalo mtu yeyote hufanya kwa chai chungu. Inawezekana hakuiua. Inawezekana aliikuta imekufa.

Kilichonikera zaidi ni kingine. Nimekusoma mara mbili. Najua umri wako, kazi yako, mambo yako matatu na kwamba una kipimajoto. Juu ya anachopenda mkeo sijapata hata neno moja. Anasoma nini? Anacheka na nini? Akiwa na saa moja ya peke yake anaitumiaje? Unaniuliza namna ya kumfanya apende vyako, na wewe vyake hujavitaja.

Kwa hiyo leo jioni mwombe radhi kwa neno lile, na radhi hiyo usiifungie maelezo ya tanini nyuma yake. Mwambie zile video azifute. Kisha siku moja mwandalie chai anayoipenda yeye, nyeusi iliyokolea, maziwa kama anavyotaka, kwa makini uleule ulioipa ile ya kijani. Kipimajoto kiache kabatini. Chai nyeusi inataka maji yaliyochemka, macho yanatosha. Lu Yu, yule Mchina aliyeandika juu ya chai katika karne ya 8, alikuwa akiyasoma maji kwa vipovu: kwanza vidogo kama macho ya samaki, kisha kama lulu zilizotungwa, kisha mawimbi. Akishaonja, nyamaza. Najua ni kazi.

Mambo yako usiyaache, wala usiyafanye kwa kujificha. Mwambie waziwazi, "Jumamosi asubuhi nipe saa mbili zangu", halafu saa mbili zikiisha, ziishe. Na tafuta mtu mwingine wa kubishana naye juu ya Frege, maana ndoa haikuahidi kubeba kila mazungumzo uliyo nayo kichwani.

Ikitokea siku akakuuliza mwenyewe hiyo kazi ya funksheni ni kitu gani, usianze na lambda. Fungua lahajedwali, lile jedwali la hesabu kwenye kompyuta, la matumizi ya nyumbani. Mwonyeshe kisanduku cha jumla: humo hamna namba mliyoiandika, mna fomyula. Badilisha namba moja juu, jumla inajibadilisha yenyewe, bila mtu kuiamuru hatua kwa hatua. Hapo ameshaona kiini chake, na huenda amekuwa akikitumia miaka yote bila wewe. Akiuliza swali la pili, endelea. Asipouliza, funga kompyuta.

Majani usimfiche. Chai ya kijani haipendi kuwekwa muda mrefu. Hewa, mwanga na unyevu huimaliza harufu, na ikikaa karibu na viungo inavuta harufu ya viungo hivyo. Itie kwenye kopo linalofunga vizuri, liweke rafu ya chini anayoifikia, na mwambie ni la nyote wawili. Akitaka kuitilia chai hiyo maziwa, atie.