Maswali na Majibu: Mtoto Mwenye Ulemavu na Mazingira ya Shule

Tumejenga njia ya mteremko ya mita 2 kupanda baraza lenye kimo cha sentimita 45. Mwanafunzi wa kiti mwendo bado anasukumwa na wenzake. Tatizo ni nini?

Njia ni fupi mno. Kila sentimita 1 ya kimo inadai angalau sentimita 12 za urefu, kwa hiyo baraza lenu linahitaji mita 5.4. Nafasi ikiwa finyu, ikunjeni, na penye kona muweke jukwaa bapa la sentimita 150 kwa 150. Jukwaa kama hilo liwepo pia juu, mbele ya mlango. Lisipokuwepo, mtoto hushika gurudumu kwa mkono mmoja na kitasa kwa mwingine, na kiti humrudisha nyuma.

Upana kati ya vishikio usipungue sentimita 90. 120 ni bora. Pembeni jengeni kingo za sentimita 10 ili magurudumu ya mbele yasitumbukie. Mafundi wengi hupenda kulisugua zege kwa mwiko mpaka ling'ae. Wakatazeni, maana mvua ikinyesha panateleza. Kabla halijakauka, lipitishwe ufagio mgumu kukingama njia. Baada ya kila mvua kubwa kagueni pale chini: udongo ukimomonyoka hubaki kizingiti, na sentimita 3 tu zinatosha kuyakwamisha magurudumu madogo.

Choo maalumu tunacho, lakini mtoto hakitumii. Kwa nini?

Angalieni kwanza kama kimegeuzwa stoo, au kama ufunguo hukaa ofisini kwa mwalimu. Hiyo ndiyo sababu tunayoitilia shaka kabla ya nyingine zote.

Kisha pimeni. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Mtoto akianguka nyuma ya mlango wa kufunguka ndani, hamtamfikia. Ndani ibaki duara tupu la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Kimo cha kikalio kilingane na kiti mwendo chake, ajisogeze bila kujinyanyua. Vishikio vikifungwa kwenye lipu peke yake vitang'oka, kwa hiyo vizamishwe ndani ya ukuta, na mtu mzima avining'inie kabla ya mtoto kuviamini.

Mwanafunzi anavaa shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) lakini bado hafuati somo. Je, ni kibovu?

Anzeni na betri. Ikaguliwe kila asubuhi. Ikiwa nzima, huenda lawama ni za darasa: kifaa hukuza kila sauti, pamoja na viti vinavyokwaruza sakafu. Vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu ya viti husaidia sana. Mwalimu asizungumze akiutazama ubao, wala asisimame na dirisha mgongoni, maana uso wake huwa giza na midomo haisomeki. Jibu la mwanafunzi wa nyuma alirudie.

Mwenye uoni hafifu, kumketisha mbele kunatosha?

Hapana. Wengine huumizwa na mwanga, na kiti cha mbele karibu na dirisha huwazidishia shida. Mwacheni ajaribu nafasi kadhaa achague. Mwalimu atamke kila anachoandika.

Fedha ni kidogo. Tuanze wapi?

Kuhamisha darasa lake kutoka ghorofani kuja chini, karibu na choo, hakuhitaji fundi. Halafu fuateni naye njia nzima: geti, darasa, choo, bomba la maji. Tengenezeni kwanza pale anapokwama.